Bei Haipigi Simu

Kuna mahubiri mjini yasiyohitaji msikiti wala kanisa. Hutolewa redioni asubuhi, ndani ya daladala, na mbele ya makabati ya vioo ya mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, na aya yake ni moja: cha rahisi ni ghali. Wiki hii mtangazaji mmoja ameyarudia kwa sauti ya mtu aliyeteremshiwa wahyi. Msikilizaji alikuwa na laki mbili za kununulia simu; akashauriwa azifungie, akope zilizopungua, kisha anunue kitu cha maana. Hakuulizwa simu hiyo ataifanyia kazi gani, wala anakaa wapi, wala kwao umeme hukatika mara ngapi kwa juma. Ilitajwa bei tu, na hukumu ikatoka. Tumefika mahali ambapo mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kupima ubora wa kifaa asichokiona kwa kutajiwa bei yake, na sisi wengine tukaitikia amina.

Tuanze na simu ambazo wahubiri hawa wenyewe huzililia kila wanapoziponda za leo. Zamani, husema, simu zilikuwa imara. Inaanguka, betri inarukia huku, mfuniko kule, unaokota, unaunganisha, unapiga. Ni kweli, lakini ni simu zipi hizo? Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa miongoni mwa simu za bei ya chini kabisa za kampuni hiyo, na ilikusudiwa watu wa nchi kama hizi zetu. Ndiyo maana ikapewa tochi, vitufe vilivyofunikwa kwa mpira usiopitisha vumbi, na ubavu usioteleza katika mkono wenye jasho. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Miaka hiyohiyo Nokia ilikuwa na tawi lake la Vertu, lililoanzishwa 1998, likiwaundia matajiri simu kwa mkono huko Uingereza: kioo cha yakuti, ngozi, vito, bei ya maelfu ya dola, na ndani yake programu ya ukoo uleule wa Nokia za kawaida. Nokia iliiuza Vertu mwaka 2012, na kiwanda chake kikafungwa 2017. Sijui kijiji gani Afrika Mashariki wazee huketi jioni wakikumbushana uimara wa Vertu. Simu inayosifiwa hadi leo ni kitochi, mulika mwizi, simu ya bei poa iliyobuniwa na mtu aliyejua mnunuzi wake anaishi vipi.

Hapo ndipo ilipo hoja yenyewe. Kitu chochote cha bei nafuu kimepunguzwa kitu fulani, na swali la kuuliza ni moja: kimepunguzwa nini? Kama kimepunguzwa usichokihitaji, umefaidi. Kama kimepunguzwa unachokihitaji, umeibiwa, hata kama bei ilikuwa ya kutupa. Saa ya Casio F-91W imekuwa sokoni tangu 1989. Haina dhahabu, na mkanda wake ni wa plastiki. Lakini betri moja hudumu takriban miaka 7, na kiwandani inaahidiwa kupotea si zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Rolex, kwa kiwango ambacho yenyewe inajivunia, inaruhusiwa kukosea sekunde 2 kwa siku. Jumlisha mwezi mzima, unaweza kufika dakika nzima. Anayevaa Rolex ana sababu zake, na sina ugomvi naye. Asiniambie tu kwamba amenunua saa inayojua wakati kuliko ya kijana anayeuza maji ya chupa kwenye foleni.

Ukiuliza swali hilo la nini kimepunguzwa, simu za bei nafuu zinaanza kuonekana kwa sura nyingine kabisa. Transsion ya Shenzhen, iliyoanzishwa 2006, ndiyo mama wa Tecno, itel na Infinix. Mwaka 2011 ilifungua kiwanda Ethiopia, na kwao China majina hayo karibu hayajulikani. Wahandisi wake waliona kwamba Mwafrika anabeba laini mbili kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, wakamwekea nafasi mbili za laini. Nokia yenyewe ilichelewa hadi 2010 kufanya hivyo. iPhone ilingoja mpaka 2018. Waliona betri zinakata kabla ya umeme kurudi, wakaweka kubwa. Waliona kamera zinazogeuza uso mweusi kuwa kivuli chenye meno, wakazirekebisha zisome rangi yetu. Mambo haya yalitoka kwenye simu zinazoitwa takataka na watu ambao, kwa miaka karibu kumi, walitembea na simu ya heshima mfuko wa kulia na kitochi cha laini ya pili mfuko wa kushoto.

Halafu kuna M-Pesa, ambayo mahubiri huiruka. Ilizinduliwa Kenya Machi 2007. iPhone ya kwanza iliingia madukani Marekani Juni mwaka huohuo, kwa dola 499 au 599, bila 3G, bila uwezo wa kunakili maneno na kuyabandika. Wakati mnunuzi wa Marekani anapanga foleni kununua ajabu hiyo, mama wa Kenya mwenye simu ya vitufe alikuwa tayari na miezi mitatu ya kupokea fedha kutoka mjini kwa simu yake. Miamala ya fedha ya ukanda huu ilijengwa juu ya kifaa ambacho leo tunaambiwa ni aibu kukitoa mfukoni mbele za watu.

Watetezi wa bei kubwa wana majibu yao. La kwanza ni kwamba simu rahisi hulipuka. Hawa huwa wameisahau Samsung Galaxy Note 7 ya 2016, iliyozidi dola 800, iliyoshika moto hadi zikarudishwa takriban milioni 2.5 na mashirika ya ndege yakaikataa. La pili ni kwamba rahisi ni feki. Hapana; anayeghushi hutafuta jina linalouzika kwa bei kubwa. Simu bandia ambazo TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizizima Juni 2016, na Kenya kabla yake mwaka 2012, zilipata soko kwa sababu mtu aliona afadhali nembo ya uongo kuliko simu ya kweli isiyo na jina la kutambia. La tatu lina uzito kidogo: mwaka 2020 watafiti wa kampuni ya Upstream walieleza kukuta programu hasidi ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa nchi kadhaa za Afrika, na Transsion ikamtupia lawama msambazaji wake. Huo ni uovu wa kushitakiwa, na mamlaka zetu zilipaswa kuupigia kelele. Lakini dawa yake ni ukaguzi, si mkopo wa kununulia simu ya milioni mbili.

Na mkopo huo hununua nini hasa? Mara nyingi ni iPhone iliyokwisha tumika, "used ya Dubai", betri imebadilishwa, kioo si chake. Mwaka 2025 WhatsApp iliziacha iPhone 5s na 6, huku Android yoyote yenye toleo la 5, la mwaka 2014, ikiendelea kupokea ujumbe. Waliobaki na tufaa lililong'atwa na hawapati ujumbe wa kikundi cha harusi wanaweza kutuambia heshima ina ladha gani. Mwenye kuuza kwa bei kubwa naye hana haya: iPhone 12 ya mwaka 2020 ilikuja bila kichwa cha chaja ndani ya boksi, tukaambiwa ni kwa ajili ya mazingira, na kichwa hicho kikauzwa kando. Wachambuzi wa vifaa wanaotuongoza katika haya hupima simu katika vyumba vya London na California ambako umeme haukatiki. Hawajawahi kujaribu kama redio inashika mawimbi bondeni, wala kama fundi wa kibanda cha stendi anapata spea.

Tangu 20 Juni 2025, Umoja wa Ulaya unazilazimisha simu zinazouzwa kwake kubeba lebo. Lebo inasema betri hukaa saa ngapi kwa chaji moja, huchajiwa mara ngapi kabla ya kuchoka, simu huvumilia kuanguka kwa daraja gani, na kuitengeneza ni rahisi au ni taabu. Hakuna mstari wa bei kwenye lebo hiyo. Mashirika ya viwango, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, tayari yana alama zao za kubandika kwenye bidhaa, kwa hiyo gundi ipo. Mabango yanayodai simu ni "ya kimataifa" yabaki ukutani kama yanapendeza. Mimi nataka kuona maboksi ya Aggrey na ya Luthuli kule Nairobi yakiandikwa hayo manne, kwa Kiswahili, upande wa mbele. Hapo ndugu mtangazaji atakuwa na kitu cha kumsomea msikilizaji mwenye laki mbili.