Nani kasema utafiti ni wa vyuo vikuu peke yake?

Imeota mizizi nchini imani kwamba utafiti ni kazi ya vyuo vikuu, na kwamba mwanafunzi na mkufunzi wa chuo cha kati kazi yao ni kupokea yaliyogunduliwa na wengine. Naipinga imani hii bila kumung'unya maneno. Ni potofu na inatutia hasara.

Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu huko Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipoona maziwa yake aliyoyaingiza kwenye friji yangali moto yameganda kuwa aiskrimu kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye wanafunzi wenzake wakamcheka. Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam, alipotembelea sekondari ya Mkwawa, Iringa, ambako Mpemba alikuwa amehamia, aliulizwa naye swali lilelile. Yeye hakulipuuza, akaagiza lijaribiwe. Vifaa vyenyewe vilikuwa bika za mililita 100, maji mililita 70 na friji ya kawaida ya nyumbani. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969, jina la Mpemba likitangulia la mhadhiri. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma chuo cha wanyamapori Mweka, chini ya Kilimanjaro. Wanafizikia wanabishana juu ya swali lake hadi leo.

Wapo watakaosema huyo alikuwa mmoja kwa milioni. Sikubali. Akili ya kuuliza alikuwa nayo tangu shuleni. Alichokosa mwanzoni ni mtu wa kumsikiliza na mahali pa kujaribia. Ni wangapi hawakumpata Osborne wao?

Maswali makubwa ya nchi hii yako mlangoni mwa vyuo vya kati. Mwanafunzi wa uvuvi pale Nyegezi, Mwanza, anaishi jirani na dagaa wanaoanikwa mchangani. Wangapi huoza mvua zikinyesha? Chanja zingeokoa kiasi gani? Kazi hiyo inahitaji mizani, daftari na subira ya msimu mzima, na hakuna profesa aliye karibu na dagaa hao kuliko yeye.

Marekani nako vyuo vya jamii, vinavyofanana na vyuo vyetu vya kati, vilihesabiwa kuwa vya kufundishia tu. Hata hivyo Finger Lakes, chuo cha jamii katika jimbo la New York, kimeongoza mtandao wa vyuo vya aina yake unaowaingiza wanafunzi katika utafiti mapema, kwa fedha za mfuko wa taifa wa sayansi.

Kwetu, ripoti ya mradi wa stashahada husahihishwa, hupewa alama, kisha hutupwa kabatini. Mkufunzi anayetaka kuiendeleza amejaziwa vipindi Jumatatu hadi Ijumaa. Apunguziwe vipindi. Kila chuo kitenge fungu la utafiti katika bajeti yake, hata likiwa la kununulia vipimajoto tu. Na kazi ikichapishwa, jina la mwanafunzi aliyeuliza swali liwemo.