Majina mengi, chipu moja: laptopu za gemu na ushindani wa uongo

Wandugu na dada, vijana wa Goma, Bukavu, Lubumbashi, Kisangani na kila fasi mnapotusoma,

Kila mwaka, mwezi wa kwanza ku Las Vegas, na katikati ya mwaka ku Taipei, makampuni ya laptopu za gemu yanapanda jukwaani. ASUS na ROG yake, MSI, Acer na Predator, Lenovo na Legion, HP na Omen, Dell na Alienware, Razer. Kila mmoja anasema: siye njo wa kwanza. Taa zinawaka rangi zote, na beyi inapanda.

Siye tunasema hivi: ushindani huu uko na upande wa kweli na upande wa uongo. Kijana anayekusanya makuta miaka mbili ili apate machini moja tu, ya gemu, ya montaji ya video, ya kazi, ana haki ya kujua upande gani njo anaulipia.

Tuanze na kweli. Mwaka 2017 Acer iliuzisha Predator 21 X: ekra ya inchi 21 iliyopinda, kadi mbili za GTX 1080, uzito wa kilo zaidi ya 8, beyi karibu dola 9,000. Hiyo haikuwa laptopu, ilikuwa mzigo wa chukudu. Mwaka huohuo ASUS ikatoa Zephyrus, ambayo unene wake haukufika sentimita 2. Mwaka 2020 AMD ikaleta prosesa za Ryzen 4000, ASUS ikaziweka ndani ya Zephyrus G14 ya kilo moja na nusu hivi, na Intel, iliyozoea kutawala laptopu za gemu karibu peke yake, ikalazimika kuamka. Pale penye wawili wanaoweza kushindwa kweli, mnunuzi anapata. Hilo hatulikatai.

Lakini fungua kifuniko uangalie kadi ya grafiki, kile kitu kinachobeba gemu yenyewe. Juu kuna majina saba, ndani kuna jina moja: Nvidia. AMD nayo inatengeneza kadi za laptopu, ila ku maduka ni kama chumvi ndani ya sufuria. Batu saba wanaochota maji ku kisima kimoja hawashindani juu ya maji, wanashindana juu ya rangi ya bido.

Na mwenye kisima anajua kucheza na majina. Mwaka 2025 alitoa RTX 5090. Ile ya kompyuta ya mezani iko na viini 21,760, kumbukumbu ya giga 32, na inakula mpaka wati 575. Ile ya laptopu inaitwa vilevile RTX 5090: viini 10,496, giga 24, na haifiki hata wati 200. Ni kama mama muuzishaji akupimie nusu gigozi ya bunga, ukiuliza akujibu: hii njo gigozi ya safari. Ku soko yetu mama huyo angepigiwa makelele mpaka jioni.

Mutu atasema: laptopu ni ndogo, haiwezi kubeba joto la wati 575. Ni kweli kabisa, na hakuna anayeomba muujiza. Tunaomba jina lingine. Kitu kikiwa nusu, kiitwe kwa jina la nusu.

Tena uongo haukuishia hapo. Mwaka 2021 kadi ya RTX 3080 ya laptopu iliweza kupewa wati 80 ku machini moja na zaidi ya 150 ku ingine, na kibandiko kikabaki kilekile. Mutu alilipa beyi ya 3080 akapitwa na jirani mwenye 3070 iliyopewa nguvu ya kutosha. Nani alirekebisha? Si ushindani. Makampuni mengi yalinyamaza, juu yalikuwa yanafaidika. Ni wateja na waandishi wa habari za teknolojia njo walipiga makelele, mpaka Nvidia ikaambia makampuni yaandike wati ku kurasa zao za mauzo. Tukumbuke somo hilo.

Sasa matengenezo. G14 ya 2020 ilikuwa na nafasi moja ya kuongeza RAM. G14 ya 2024 RAM yote imechomelewa: ukinunua ndogo, utakufa nayo ndogo. Ubunifu gani huu unaomnyang'anya fundi kazi? Mafundi wetu wanafufua machini zilizopita mikononi mwa batu watatu. Kwao skurubu ni uhai, gundi ni kaburi. Na wasituambie haiwezekani: Framework, kampuni ndogo ya Marekani, ilitangaza mwaka 2023 laptopu ya inchi 16 ambayo kadi yake ya grafiki inafunguliwa na kubadilishwa. Mwaka 2025 ikatangaza kadi mpya ya RTX 5070 inayoingia ku machini ileile ya zamani. Mdogo ameweza, wakubwa wanakosa nia.

Na jambo moja linalotugusa siye kuliko wengine. Ndani ya machini hizi kuna tantali, inayotoka ku koltani kama ya Rubaya, eneo ambalo M23 ililikamata mwaka 2024. Ndani ya batri nyingi kuna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa ku inchi yetu. Kama kweli wanapenda kushindana, washindane pia kwa kuonyesha mgodi gani na njia gani madini yalipitia.

Kwa hiyo:

Kwa makampuni: acheni jina moja kwa vitu viwili. Andikeni wati juu ya katoni, karibu na beyi. Acheni RAM na diski zifunguliwe.

Kwa wauzishaji: mukiuzisha okazyo, semeni mwaka, wati na hali ya batri. Kusema tu "ni ya gemu" haitoshi.

Kwa wewe kijana: usinunue taa. Omba machini iwashwe na gemu nzito nusu saa mbele yako, usikilize feni, uguse kibodi kama inaunguza. Uliza: kadi hii imepewa wati ngapi? RAM inafunguka? Muuzishaji akikosa jibu, rudisha makuta mfukoni, uende duka la pili, na uwaambie wenzako. Hapo njo ushindani wa kweli utaanza.