Taa ya Nyuma Si Yako

Wadau, leo siongelei siasa wala bei ya sukari ya ng'ambo. Naongelea kale kabalbu kanakokaa nyuma ya boda, ambako mwenye pikipiki mwenyewe hakaoni akiwa njiani. Najua wengi mtapita. Lakini wewe uliye na ndugu anayeshinda barabarani kati ya Busia na Malaba, kaa kidogo.

Nianze na yangu, ndio msiseme nahubiri. Mnakumbuka ile video ya Boxer yenye vimulimuli vya bluu, ile ilitembea mpaka watu wa Tororo wakaniuliza bei? Hiyo pikipiki ni ya binamu yangu. BM100, imezeeka, alinunua kwa mtu. Aliyefunga zile taa ni mimi. Niliacha kampasi mwaka wa pili, na hata sikuwa nasoma mambo ya stima, nilikuwa nasoma biashara. Nilichojua nilikitoa kwa simu. Nikachukua stima kwa waya unaotoka kwa fyuzi, kabla haijafika kwa ufunguo, ndio ziwake hata pikipiki ikiwa imezimwa. Waya wa kurudisha nikausokota na ule wa taa ya nyuma kwa vidole, nikazungusha tepu nyeusi, basi. Nikiwa bado nahangaika, waya ukagusa chuma, fyuzi ikaungua. Sikutafuta fyuzi nyingine. Nikaweka karatasi ya silva ya pakiti ya sigara. Zikawaka, nikarekodi.

Haikupita wiki mbili binamu akaanza kulalamika betri haishiki. Honi inakohoa, indiketa zinawaka kwa shida. Akaenda kwa muuza spea, akauziwa betri mpya bila mtu kufungua hata kiti. Mwezi haujaisha, akauziwa nyingine. Na huyo ni mtu bado analipa mkopo wa chama.

Halafu jioni moja ya mvua, akitoka Malaba, karibu na Adungosi, gari dogo likamgonga kutoka nyuma. Mguu ukavunjika mahali pawili. Dereva hakutoroka, na nilimsikia kwa masikio yangu hospitalini: "Sikuona pikipiki. Niliona taa za bluu, nikadhani ni kinyozi kando ya barabara."

Kinyozi. Hilo neno linanirudia mpaka leo.

Pikipiki tulipeleka kwa mzee mmoja fundi, Malaba. Nilimwambia tulete betri ya tatu? Akaniangalia. "Kijana, betri imekukosea nini?" Akatoa kabalbu ka indiketa kaliko chomelewa nyaya mbili. Hicho ndicho kipimo chake, hana mashine nyingine. Waya mmoja akaushika kwa betri, upande wa chanya. Mwingine akagusa nao fremu: kabalbu kakawaka vizuri. Akagusa chuma cha taa ya nyuma: kakawaka kama mshumaa unaoisha. Akacheka. Boliti inayoshika waya wa athi pale kwa madigadi ilikuwa imelegea, imejaa kutu na matope. Stima ilikuwa inafika kwa taa lakini haina njia nzuri ya kurudi. Alipofungua tepu yangu, shaba ilikuwa imegeuka kijani, maji yameila.

Nikamuuliza, sasa mbona zile za bluu zilikuwa zinawaka? Akaniambia LED zinakula kidogo sana, hata njia mbovu inazitosha. Balbu ya kawaida inakula zaidi, kwa hiyo inakufa kwanza. Yaani urembo ulibaki, taa yenyewe ikazima, na binamu hakuwa na namna ya kujua kwa sababu iko nyuma yake. Betri nazo zilikuwa zinanyonywa usiku kucha na hivyo vimulimuli, pikipiki ikiwa imelala.

Kuna kingine alinifunza, na hiki kingewaokolea wengi pesa. Kwa BM100 na pikipiki nyingi za umri wake, taa kubwa ya mbele hailishwi na betri. Inalishwa na koili za injini, kupitia regyuleta. Ndio maana ukisimama inafifia na ukivuta mafuta inang'aa. Sasa mtu akikuambia ununue betri kwa sababu taa ya mbele imekufa, na honi bado inapiga vizuri, huyo anauza, hatafuti. Balbu za mbele zikiungua moja baada ya nyingine, shuku regyuleta. Taa ikizima kila ukikata kona, iwashe pikipiki ikiwa imesimama, zungusha usukani kulia na kushoto, utaona nyaya zimechoka pale shingoni. Na fyuzi ikiungua, kuna mahali stima inavuja. Ile silva haitibu kitu, inaacha tu waya uungue badala ya fyuzi. (Wauza spea, msinitumie matusi, najua kuna wenu mnapima kwanza.)

Neno boda boda lenyewe lilizaliwa hapa mpakani, enzi za baiskeli, watu na mizigo wakivushwa kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Busia na Malaba bado tunabishana ni wapi lilianzia. Mwaka wa 2008 serikali ikaondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, zikajaa kila mahali, na nyingi za zamani bado ziko kazini na nyaya zilizoungwa mara kumi. Barabara nayo ni ya trela za kutoka Mombasa, zingine zimeegeshwa gizani kwa foleni, zingine zinakimbia kuiwahi.

Mtu atasema hiyo ni kazi ya polisi. Msako ukianza kila mtu anatafuta balbu, ukiisha tunarudi palepale. Mimi nasema steji. Kila steji ina mwenyekiti, na mchango unakusanywa kila siku. Saa kumi na mbili jioni, kabla pesa haijapokelewa, mwenye pikipiki awashe taa, akanyage breki, mwenzake asimame nyuma aangalie. Kama haiwaki, hakuna kubeba mtu usiku mpaka itengenezwe. Haichukui hata dakika moja. Nimepeleka hii maneno kwa steji ya binamu, wakanijibu vile mnajua: "Hii barabara naijua hata nikifunga macho."

Sawa, unaijua. Mwenye trela nyuma yako ndiye hakujui.

Binamu anatembelea magongo sasa. Hajanilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Nilitengeneza video ya kile kipimo cha kabalbu, ikaangaliwa na watu wachache, wengi wao mafundi. Ile ya vimulimuli bado inatembea, bado inaniletea wateja, na kila siku kuna mtu anauliza bei ya kufungiwa. Nimekuwa nikijiambia nitaifuta kesho. Usiku huu naifuta. Na kama nilikufungia hizo taa, njoo na pikipiki Jumamosi, nizitoe bure, na waya wa athi tutausafisha pamoja na huyo mzee.