Kabla ya kumwita gadi bure, uliza nani alimkaba

Umewahi kuamka asubuhi mwezi wa Machi, ukafungua simu na kukuta mabeste wanabishana kuhusu mechi za vikapu za vyuo vikuu vya Marekani zilizochezwa ukiwa umelala? Mmoja anaapa kwamba gadi fulani ni moto. Mwingine anajibu kwamba huyo ni bure kabisa. Ukiwauliza sababu, wote wana hoja moja tu: alifunga pointi ngapi.

Sisi tunasema hesabu hiyo pekee inadanganya. Gadi ndiye anayepandisha mpira na kupanga mchezo, na kila gadi ana mtindo wake. Kuna wa kutupa kutoka mbali, kuna wa kugawa pasi, na kuna wa kumchenga mtu ana kwa ana. Ulinzi unaommaliza mmoja unaweza kumfungulia mwingine mlango.

Chukua mfano wa Stephen Curry, mtupaji. Novemba 2008, miezi minane tu baada ya kuiingiza Davidson katika timu nane za mwisho za taifa, alikutana na Loyola ya Maryland. Kocha wa Loyola, Jimmy Patsos, aliwagandisha wachezaji wawili kwake, mechi nzima. Unajua Curry alifanya nini? Alienda akasimama kwenye kona, na wale wawili wakamfuata. Wenzake wanne wakabaki wakicheza dhidi ya watu watatu. Curry alitupa mara tatu tu na hakupata hata pointi moja. Davidson ilishinda 78-48.

Ukisoma matokeo bila kuuliza alikabwa vipi, utasema jamaa alilala. Lakini msimu huo ulipoisha, ni yeye aliyeongoza Marekani nzima kwa ufungaji, wastani wa pointi 28.6 kwa mechi.

Sasa mtazame Ja Morant wa Murray State, Machi 2019. Dhidi ya Marquette alifunga pointi 17, akanasa ribaundi 11 na kutoa pasi 16 zilizozaa vikapu. Timu yake ilishinda 83-64. Siku mbili baadaye alikutana na Florida State, timu ya vijana warefu wenye mikono mirefu, wanaobadilishana mtu wa kukaba bila kuchelewa. Morant alifunga pointi 28, nyingi kuliko zile za mechi iliyotangulia. Lakini pasi za vikapu zilishuka hadi nne, na Murray State ikapigwa 90-62.

Umeona? Pointi zake zilipanda, timu ikaanguka. Mlinzi mmoja akipitwa, mwingine mrefu yuko pale pale, na njia za pasi zinazibwa. Gadi mgawaji anabaki kujitafutia mwenyewe, na hapo ndipo wapinzani walipomtaka.

Lakini usikimbilie kusema kwamba kubadilishana watu ndiyo dawa ya kila gadi. Machi 2011, pale Madison Square Garden, Pittsburgh walibadilishana katika sekunde za mwisho dhidi ya Connecticut, mambo yakiwa sare 74-74. Kemba Walker akajikuta anakabwa na senta, Gary McGhee. Mtu mkubwa, miguu mizito. Kemba akajifanya anaingia, akarudi nyuma ghafla, senta akapoteza mizani, na mpira ukaingia muda ukiisha. Connecticut walishinda mechi tano kwa siku tano katika mashindano hayo, kisha wakatwaa ubingwa wa taifa. Ulinzi wa aina ile ile, lakini aliyebadilishwa alikuwa mtu asiyefaa, mbele ya gadi asiyefaa kuachiwa nafasi.

Najua utasema: gadi mkali hufunga mbele ya yeyote. Kuna ukweli hapo, na hatusemi ulinzi mgumu uwe kisingizio cha kila anayecheza vibaya. Asiyefanya mazoezi atakwama hata akikabwa na mtoto. Tunachosema ni kwamba ukali wa gadi uko pia katika kusoma anachonyimwa na kutumia kinachobaki. Curry alinyimwa mpira, akatumia kona.

Jambo hili linakuhusu, hata kama uwanja wako ni ule wa mtaani wenye ringi isiyo na wavu. Vijana wangapi wamewekwa benchi, au wameacha mchezo kabisa, kwa sababu ya usiku mmoja wa pointi mbili, na hakuna aliyeuliza walikabwa na nani? Kocha anayechagua timu kwa kuhesabu pointi peke yake anaweza kumtupa mchezaji aliyewabeba wenzake bila kugusa mpira.

Kwa hivyo msimu ujao, usitosheke na klipu ya sekunde 20. Tazama robo saa ya mechi bila kufuata mpira. Mfuate gadi na anayemkaba. Angalia kama wako wawili, kama wanabadilishana, kama anasukumwa kwenye mkono wake dhaifu, na wenzake wanapata nafasi gani. Na wewe unayecheza, ukigandwa na watu wawili, usilazimishe kutupa ili mashabiki wakushangilie. Mahali fulani uwanjani kuna mwenzako aliyebaki peke yake. Mtafute.