NYUMBA NI SEHEMU YA MSHAHARA



Kabla ya jua kuchomoza, njia itokayo Kaptembwo na Rhonda kuelekea mjini Nakuru imejaa watu wanaotembea kwa miguu. Wengi wao ni wenzetu. Wanapishana na malori kandokando ya lami, mahali pasipo na njia ya waendao kwa miguu, na wakati wa mvua hukanyaga matope hadi mlangoni mwa kiwanda. Hawatembei kwa sababu wanapenda matembezi ya alfajiri. Wamekwisha hesabu nauli.

Na tuihesabu sisi pia. Tuchukue mwenzetu mwenye mshahara wa msingi wa Sh. 16,000 kwa mwezi. Akiongezewa posho ya nyumba ya asilimia 15, yaani Sh. 2,400, jumla ni Sh. 18,400. Hapo hukatwa asilimia 1.5 ya makato ya nyumba, yaani Sh. 276, na mwajiri wake hutoa kiasi hicho hicho. Sasa tuseme amepata chumba cha bei nafuu huko Mawanga au Lanet, na kazi yake iko upande wa viwanda. Akilipa Sh. 50 kwenda na Sh. 50 kurudi, kwa siku 26 nauli yake ni Sh. 2,600. Posho yote ya nyumba imekwisha njiani, tena imepungua, na mwenye chumba bado hajalipwa hata senti moja.

Ndiyo maana twasema ya kuwa mahali nyumba ilipo ni jambo la mshahara. Chama kikipigania nyongeza ya Sh. 1,000, halafu nyumba za wafanya kazi zikazidi kusogezwa mbali, nyongeza ile itaishia mikononi mwa makanga.

Jambo hili si geni. Mwaka 1954 Halmashauri iliyoongozwa na Bw. Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika katika Kenya, iliona ya kuwa mshahara wa mjini ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto, na ya kuwa watu wengi hawakupata hata hicho cha kumtosha mtu mmoja. Nyumba nazo zilijengwa kwa kipimo hicho. Wazee wetu waliokaa katika landi za reli, na katika mitaa ya Bondeni, Kaloleni na Flamingo, wanakijua vizuri kile chumba kimoja chenye jiko nje na choo cha watu wote. Hatutaki kukisifu. Lakini hapana budi tuseme haki: mitaa ile iliwekwa karibu. Mtu alitoka nyumbani akafika stesheni, sokoni au kazini kwa miguu yake. Waliompa mfanya kazi chumba kibaya walimpa angalau njia fupi. Leo tunajengewa, au tunajijengea, vyumba visivyopita vile kwa uzuri sana, na njia imekuwa ndefu.

Sheria iko upande wetu kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa mahali pa kazi au karibu napo, au amlipe fedha za kutosha, zaidi ya mshahara, kupata nyumba ya kufaa. Angalieni maneno hayo: karibu na kazi, na fedha za kutosha. Kuna mlango mdogo wa nyuma, nao ni mkataba unaosema mshahara umejumlishwa na posho ya nyumba ndani yake. Waajiri wengine wanaupenda sana mlango huo. Kwa hiyo kila mwanachama aisome barua yake ya kazi kabla ya kutia sahihi, na asiyeelewa ailete ofisini.

Tena kuna haya makato ya asilimia 1.5. Yalianza kwa Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikayakataa mwezi wa Novemba mwaka huo huo, kisha yakarudi kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa sahihi mwezi wa Machi 2024. Wanachama walibishana sana katika mikutano yetu juu ya makato hayo, wengine kwa hasira, na hatutaufungua ubishi huo hapa. Fedha zinakatwa. Anayekatwa ana haki ya kuuliza. Sheria yenyewe inamweka mtu anayepata chini ya Sh. 20,000 kwa mwezi katika fungu la nyumba za jamii. Mwenzetu wa Sh. 18,400 yumo katika fungu hilo. Basi twauliza: katika nyumba 605 za mradi wa Bondeni, na katika zile zinazofuata katika jimbo letu, ngapi ni za fungu lake? Na zile zitakazojengwa baadaye zitawekwa wapi? Kiwanja cha Bondeni ni kizuri kwa sababu kiko karibu na mji. Itakuwa ajabu kama nyumba zilizo karibu na kazi zitakaliwa na wenye motokaa, na wasio na motokaa wapelekwe porini.

Sasa juu ya ujenzi wenyewe. Nakuru imekaa katika sakafu ya Bonde la Ufa, mlima Menengai kaskazini na ziwa kusini, juu ya udongo mwepesi wa volkano. Wakaaji wa upande wa magharibi wamekwisha kuona mvua kubwa ikifungua nyufa katika ardhi. Ziwa nalo limepanda tangu miaka ya 2010 na kuwahamisha watu wa Mwariki na Barut, kama vile ziwa la Naivasha lilivyowahamisha watu wa Kihoto. Kwa hiyo yule anayefikiri nyumba za wafanya kazi ni kupandisha ghorofa tu mahali popote, na aiulize ardhi kwanza. Sisi twaona nyumba za ghorofa mbili au tatu, zilizokaribiana, zenye duka, shule na zahanati ndani ya mwendo wa robo saa, zingefaa mji huu zaidi.

Wala udongo wetu si wa kudharauliwa. Mwaka 2014 kikundi kidogo cha wachora ramani kiitwacho Orkidstudio kilijenga hapa Nakuru nyumba ya watoto ya St. Jerome's. Udongo uliochimbwa papo hapo ulijazwa katika magunia, magunia yakapangwa kama matofali na kushindiliwa, kisha yakapigwa lipu. Kazi ilichukua majuma manane, na mafundi wa hapa walikuwamo. Kutokana na kikundi hicho ilizaliwa BuildX ya Nairobi, na pia Buildher, inayowafunza wanawake kazi za ujenzi. Kuna njia nyingine pia: matofali ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, yasiyochomwa, hivyo hayali kuni. Mwaka 1995 kanuni za ujenzi zilirekebishwa ili vifaa vya namna hiyo viweze kukubaliwa. Hatusemi kila udongo unafaa. Lazima upimwe, na fundi asiyejua kupima atajenga ukuta utakaopasuka, kisha watu waseme ni kosa la udongo.

Lililotupendeza katika habari hiyo ni udogo wa ofisi ile. Msanifu wa majengo si mtu wa matajiri peke yao. Chama cha ushirika cha wafanya kazi 100 au 200 kinaweza kumwajiri, kumweleza wanachama wanapata kiasi gani na wanafanya kazi wapi, na kumtaka achore kwa kipimo hicho. Mtu mmoja hawezi kumlipa, 200 wanaweza. Umoja wa vyama vya ushirika wa nyumba, NACHU, uko tangu 1979 kwa kazi kama hii.

Halmashauri ya chama imeamua kuiandikia Serikali ya Jimbo mambo mawili: kwanza, itupe hesabu ya nyumba za jamii, mradi kwa mradi, pili, iweke njia za miguu zenye taa kutoka Kaptembwo na Rhonda hadi upande wa viwanda. Wanachama wa Naivasha, hasa wa Karagita na mashamba ya maua, tunawaomba watuletee habari za njia zao ili barua iwe moja.

Wanaotaka kuanzisha ushirika wa nyumba waandikishe majina kwa makatibu wa matawi kabla ya mwisho wa mwezi. Kila mmoja aandike anakokaa, anakofanya kazi, na dakika anazotumia kutoka huku hadi kule.