Ukurasa wa Habari za Wenzetu Usifutwe



Katika mkutano wa mwisho wa wanafunzi wa zamani uliofanyika hapa Dranya, mwenzetu mmoja alisimama akatoa shauri kwamba ule ukurasa wa mwisho wa gazeti hili, yaani ukurasa wa habari za wanachama, ufutwe. Alisema karatasi ni ghali, na ya kuwa ukurasa wenyewe umegeuka kuwa wa majivuno: fulani amepandishwa cheo huko Arua, fulani amenunua pikipiki, fulani ameoa. Watu wakacheka, wakampigia makofi. Mimi sikupiga makofi, wala sikusema neno, kwa sababu mwandishi wa ukurasa ule kwa miaka minne alikuwa mimi, na ninayo aibu moja juu yake ambayo sikuthubutu kuisema mbele za watu. Leo nitaiandika. Ila kwanza niruhusuni niwapeleke mbali kidogo, kwenye mashua za tanga, kwa maana huko ndiko nilikoonyeshwa kazi ya ukurasa kama huo, nami nisishike mafunzo.

Najua mtauliza, sisi watu wa Dranya na mashua wapi na wapi? Ziwa hatuna. Vijito vyetu vya Koboko wakati wa kiangazi mtoto huvivuka asilowe magoti. Ziwa Albert twalijua kwa angara na muziri wanaouzwa sokoni, na mto Nile twauona dirishani mwa basi tunapovuka daraja la Pakwach kwenda Kampala. Hayo ni kweli. Lakini hebu wahesabuni vijana waliomaliza shule pamoja nanyi, mwone ni wangapi walioshuka mpaka mialo ya Panyimur, na hata ng'ambo ya ziwa upande wa Buliisa na Hoima, kutafuta kazi ya samaki. Wengi wao hawajui kuogelea. Nani angewafundisha, na wapi?

Nilipokuwa kidato cha tatu nilichaguliwa kwenda kambi ya maskauti ya Kaazi, kusini ya Kampala, kando ya Ziwa Viktoria. Sisi tuliotoka West Nile tulilitamka jina hilo "kazi", na kwa kweli kazi haikukosekana, maana kila alfajiri tulichota maji na kupasua kuni kabla ya uji. Huko huko Kaazi ipo klabu ya mashua iitwayo Victoria Nyanza Sailing Club. Jumapili moja mchana, upepo wa ziwani ulipoanza kuvuma kuelekea nchi kavu, tuliona matanga meupe yametanda majini kama korongo weupe shambani. Tukaacha kuni zetu tukaenda ufukoni kutazama. Zilikuwa mashua ndogo, nyingine zina mtu mmoja, nyingine wawili, zikizunguka maboya. Nyuma yao ilifuata mashua ya injini, pole pole, haishindani na mtu.

Pale ufukoni alikuwako mzee mmoja ambaye ujanani mwake alifanya kazi ya kutunza mashua. Tulimwamkia, tukamwuliza ni nani anayeshinda. Akatujibu kwamba hajui, wala hakuwa akitazama anayeshinda, alikuwa akihesabu. "Zimetoka kumi na moja," akasema, "nataka zirudi kumi na moja." Ndipo akatueleza desturi ya mabaharia wa matanga. Kabla ya kutoka, kila mmoja huandika jina lake katika daftari. Akirudi hulipiga jina lake mstari. Jua likikaribia kutua, mwenye zamu hufungua daftari, na kama kuna jina lisilopigwa mstari, hakuna anayeketi kula. Mashua ya injini huondoka. Haijalishi kama mwenye jina ni tajiri au ni mgeni aliyeletwa jana, wala haijalishi kama kuna aliyesema, "Nadhani nilimwona akirudi." Mzee alilikazia sana neno hilo. Alisema katika kazi yake "nadhani" ilimtia mashakani mara nyingi kuliko tufani.

Mimi wakati ule niliyaona kuwa ni maneno ya mzee tu. Nilipokua nikasoma zaidi juu ya klabu hizi, niliona kuwa desturi ile ni ya pwani nyingi duniani: washindani wahesabiwe wakitoka, wahesabiwe wakirudi, na iwepo mashua ya kuokoa. Tena niliona sababu ya wanachama kupenda sana kuulizana habari. Ziko mashua za tanga ambazo haziendi na mtu mmoja. Mmoja hushika usukani na tanga kubwa, mwenzake hushika lile dogo la mbele, na upepo ukizidi wote wawili huegemea nje ya ubavu ili chombo kisilale. Mmoja akiugua malaria, mashua haitoki. Kwa hiyo habari ya kwamba fulani anaumwa, au amehamia mji mwingine, au mkewe amejifungua, pale klabuni si porojo. Ni habari ya kazi. Mwenye mashua asiyejua hali ya mwenziwe atabaki ufukoni na tanga lake limekunjwa.

Sisemi kwamba klabu hizo ni pepo. Klabu ya mashua inayotajwa kuwa kongwe kuliko zote ilianzishwa Cork, katika nchi ya Ireland, mwaka 1720, na katika kanuni zake za kale imo moja ya kumkataza mkuu wa klabu kuleta zaidi ya sahani mbili za nyama siku ya kuwakaribisha wenzake. Bila shaka walikuwapo waliozidisha! (Nasi tungeitumia kanuni hiyo katika karamu zetu za Desemba.) Hapa Afrika ya Mashariki klabu ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1933, na katika zama zile za ukoloni klabu za namna hii zilikuwa aghalabu za Wazungu, babu zetu waliosogea karibu waliisukuma mashua majini, kisha wakabaki ufukoni wakiitazama. Hata leo, bei ya mashua na ada ya uanachama si vitu vya mtoto wa mkulima. Mimi siwatamanii mashua zao. Nalitamani daftari lao.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Mwaka 2021 mwenzetu mmoja, ambaye wengi wenu mliketi naye dawati moja, alikuwa akifanya kazi katika mwalo mmoja wa Ziwa Albert. Sitalitaja jina lake wala la mwalo. Alikuwa kijana mcheshi, golikipa wetu, na kila likizo alituletea angara waliokaushwa. Mwezi wa Novemba nilikuwa nakusanya habari za wanachama kwa ajili ya toleo la Desemba. Jina lake likawa halina habari. Nilijaribu simu yake mara mbili, haikupatikana. Nikasema mialoni mtandao hausumbui wageni tu, huwasumbua hata wenyeji. Nikamwuliza rafiki mmoja, naye akasema, "Nadhani yuko salama, si unamjua." Basi nikaandika: "Anaendelea vyema na kazi yake ya uvuvi, na anawasalimu nyote."

Salamu zile nilizitunga mimi.

Gazeti likatoka. Wiki mbili baadaye mama mmoja mwuza samaki alifika soko la Koboko, akauliza kama kuna mtu anayewajua jamaa wa kijana fulani wa Dranya. Mashua yao ilipinduka usiku mwezi wa Septemba. Watu wa mwalo walimzika huko huko, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua kwao ni wapi. Walijua jina lake moja tu, lile la utani tulilompa sisi uwanjani. Miezi mitatu mama yake alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe yu hai, kwa sababu hakuna aliyemwambia vingine, kisha gazeti letu likamthibitishia kwa maandishi. Mdogo wake ndiye aliyemsomea.

Mtaona basi kwamba ningeweza kuwa wa kwanza kuunga mkono ukurasa ule ufutwe. Ningepumzika. Lakini kilichomdhuru mama yule si ukurasa kuwapo. Ni mimi kuandika bila kuhesabu. Kama ningefanya kama yule mzee wa Kaazi, ningeliona jina lisilo na mstari nikasema: hatuketi kula. Tungetuma mtu. Nauli ya kwenda na kurudi haikuzidi fedha tuliyotumia kwa soda siku ya mkutano. Hatungemfufua, hilo najua. Tungemwambia mama yake mwezi wa Novemba, na pengine tungeweza kuuliza mapema zaidi, na kaburi lake lingekuwa na jina lake kamili.

Wala si sisi peke yetu tusiohesabu. Mnakumbuka Krismasi ya mwaka 2016, wachezaji wa mpira na mashabiki wao kutoka kijiji kimoja cha Buliisa walipanda mashua kwenda kucheza mechi upande wa Hoima. Mashua ikapinduka katika Ziwa Albert, na watu wapatao 30 wakafa. Nao walikuwa klabu kama sisi, vijana wenye jezi na ngoma. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania. Kilijengwa kuchukua abiria 100 hivi, nao waliokufa peke yao walipita 220. Siku za kwanza hakuna aliyeweza kusema kwa hakika walipanda wangapi, maana mkata tiketi na kifaa chake walizama pamoja na wengine. Fundi mmoja alitolewa akiwa hai siku mbili baada ya ajali. Kila nikikumbuka fundi huyo huwaza juu ya watu ambao hawamo katika orodha yo yote: mzamiaji huacha lini kutafuta, ikiwa hajui anamtafuta nani?

Mwenzetu aliyetoa shauri ana haki katika jambo moja. Majivuno yamezidi. Aliyenunua pikipiki na aiendeshe. Sisi tutaiona barabarani. Vyeo navyo, kwa maoni yangu, vingetosha mstari mmoja. Tukipunguza hayo nafasi itapatikana, na karatasi haitaongezeka hata moja.

Yanayobaki yaandikwe hivi. Kila mwanachama awe na mstari wake katika daftari: jina lake kamili, jina la baba, kijiji, na simu ya mtu wa nyumbani. Yule anayekwenda mbali, awe mvuvi ziwani, au dereva wa lori la kwenda Juba, au mchimba dhahabu huko Kongo, aache pia jina la mtu wa huko aliko. Kila mahali palipo na wenzetu watatu au zaidi achaguliwe mmoja wa kuwahesabu, mara moja kwa mwezi. Na mwandishi wa ukurasa asichapishe habari ya mtu ila aonyeshe imetoka wapi: ameonekana na fulani, au amezungumza mwenyewe kwa simu. Ikiwa hakuna aliyemwona wala kumsikia, iandikwe hivyo hivyo, "Hajaonekana tangu mwezi fulani," na chini yake iandikwe ni nani anayekwenda kumtafuta. Habari ya namna hiyo haipendezi kusomwa, nakubali. Wako watakaosema tunawatia watu hofu au tunaingilia mambo yao. Asiyetaka kuhesabiwa aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, nasi tutamwacha. Huko kusema kwake kutatosha kutujulisha kuwa yu hai.

Liko na jambo la kuogelea, ambalo nililisahau hapo juu. Walimu wetu watashangaa nikisema shule ya Dranya ifundishe kuogelea, na bwawa halipo. Sijui njia iliyo rahisi. Lakini maskauti wanakwenda Kaazi, na wanaweza kuomba wafundishwe huko badala ya kupasua kuni wiki nzima. Na mvulana ye yote anayekwenda kazi ya ziwani yafaa chama chetu kimnunulie jaketi la kujiokoa kabla hakijamnunulia zawadi ya harusi.

Kazi ya kuliandika daftari hilo naiomba mimi mwenyewe, kama mkutano utanikubali baada ya kusoma haya. Kama hamtanikubali sitanung'unika, mpeni mwingine, mradi ukurasa ubaki.

Namwomba Mhariri jambo moja zaidi. Ule mstari wangu wa Desemba 2021 haujasahihishwa mpaka leo, kwa kuwa mwenye kuusahihisha nilikuwa mimi na niliona haya. Ausahihishe katika toleo hili, katika ukurasa ule ule, kwa jina lake kamili, na aandike kwamba salamu zile hakuzituma yeye. Mdogo wake yuko kidato cha pili sasa, na gazeti hili hulisoma nyumbani kwa sauti.