Kabla ya Kuwalaumu Wahami, Tazameni Tiyo ya Choo

Hapa Goma kuna kesi moja inayorudi kila mara mbele ya mashefu wa avenyu: kesi ya choo. Familia iliyokimbia vita imepokelewa na ndugu zake. Walikuwa watu sita katika parseli, sasa ni kumi na tano. Choo kinanuka, inzi wanatua hata kwenye sombe, na maneno yanaanza: «Tangu hawa wafike, musalani hakuingiliki.»

Maoni yangu ni haya: kabla ya kumlaumu mhami, tupande juu tukatazame tiyo ya hewa. Mara nyingi utakuta imevunjika, imeziba, au haina wavu. Choo cha namna hiyo kingenuka hata kama kingetumiwa na watu watatu.

Tiyo ile si pambo. Upepo unapopita juu ya mdomo wake, unavuta hewa kutoka shimoni. Hewa safi inaingia kwa mlango, inashuka kwenye tundu, na harufu inapandia katika tiyo. Inzi naye hufuata mwangaza. Akiwa shimoni, anaona mwanga juu ya tiyo, anapanda, anakuta wavu, anafia pale. Ndiyo maana ndani ya choo panatakiwa kuwa na giza kidogo. Tundu nalo lisifunikwe, kwa sababu hewa inapitia hapo. Mfuniko ni wa choo kisicho na tiyo.

Kazi ya kuirekebisha haiombi fundi mkubwa. Kwanza hakikisheni shimo halijajaa: uchafu ukifika nusu mita chini ya sakafu, tiyo haitasaidia, shimo lenyewe linapaswa kushughulikiwa. Kama bado kuna nafasi, mwageni ndoo ya maji ndani ya tiyo kuondoa utando wa buibui. Ikiwa imepasuka, badilisheni. Tafuteni ya plastiki yenye upana wa milimita 110 au zaidi, isimame wima bila kona, na ipite paa kwa nusu mita angalau. Ifungeni vizuri ukutani kwa waya, na mzibe kwa simenti pale inapoingia sakafuni. Juu wekeni wavu wa dirisha wa aluminiamu, maana wavu wa chuma cha kawaida unaliwa na kutu haraka. Msikate chandarua cha mtoto: jua litakiharibu, na mtoto ataumwa na mbu bure.

Mkimaliza, shikeni karatasi nyepesi juu ya tundu. Ikivutwa chini, kazi imefaulu. Msipeleke moto hapo, na mtu asishuke shimoni hata kidogo. Hewa ya humo inaweza kuua kimya kimya, kama mazuku tunayoyajua hapa kwetu.

Nani alipe? Wengine wanasema tungojee mashirika. Mimi nasema tiyo ni sehemu ya nyumba kama vile bati, kwa hiyo mwenye parseli ainunue. Wapangaji na wahami watoe mikono yao. Mashirika na serikali tuwadai mambo yanayotushinda: kutoa uchafu wa mashimo yaliyojaa na kuleta maji safi. Ardhi yetu ni mawe ya Nyiragongo, na kuchimba shimo jipya ni mzigo ambao familia moja haiwezi kuubeba.

Najua tiyo peke yake haizuii kipindupindu. Maji yenye klore na mikono iliyonawiwa kwa sabuni vinatangulia. Lakini mji huu uliona mwaka 1994 jinsi ugonjwa huo ulivyoua makumi ya maelfu ya wakimbizi kwa muda mfupi. Hatuna sababu ya kuwaachia inzi njia.

Kuna jambo lingine tena. Mhami amekwisha kupoteza shamba, mbuzi na nyumba. Akitukanwa kwa ajili ya harufu asiyoileta, atahama tena, safari hii akiwakimbia ndugu zake mwenyewe. Salongo ya Jumamosi ijayo ianzie nyuma ya nyumba: mwenyeji ashike ngazi, mhami apande na wavu.